Tumbo la Chakula

Hamisi alizikwa baada ya sala ya Ijumaa, na mimi niliingia Tabora jioni ya siku hiyo, wanaume wakiwa wamesharudi kutoka makaburini na kukaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba. Nilitoka Nzega pamoja na binti yangu Rehema, ambaye alishikilia kunisindikiza ingawa nilimwambia kwamba marehemu si ndugu yake kwa upande wowote. Ndani, wanawake walisogeleana kwenye mikeka wakatupa nafasi karibu na ukuta. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikipokea pole za watu nisiowajua, nikasikia msichana mmoja, mjukuu wa marehemu, akimwuliza mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Bibi huyu ni nani?" Mwenzake akajibu, "Ndiye mke wa kwanza wa babu. Yule aliyetolewa tumbo." Rehema alisikia. Akaniinamia sikioni: "Mama, nani katolewa tumbo? Basi sisi wanne ulituokota jalalani?" Nilimfinya paja anyamaze, kwa sababu hitima ilikuwa inaanza, na kwa sababu nilihisi kicheko kinanipanda nikajua kwamba kikitoka kitageuka kuwa kitu kingine.

Zaidi ya miaka hamsini imepita. Nimezaa, nimelea, nimemzika mume wangu wa pili kule Nzega, na bado katika nyumba ile ya mtaa wa Gongoni mimi ni mwanamke aliyetolewa tumbo. Waliolianzisha neno hilo wamekufa wote, lakini lenyewe limebaki, limerithiwa pamoja na vitanda na sufuria. Sikumkasirikia yule msichana. Aliambiwa hivyo na mama yake, aliyeambiwa na bibi yake, na bibi yake alikuwa mkwe wangu, Bi Nyamizi, mwanamke aliyenipenda. Usiku ule wa matanga nilijaribu kumweleza Rehema mambo yalivyokwenda, nikaona nayachanganya. Ndiyo maana nayaandika hapa, kwa mpangilio wake.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwaka wa pili wa ndoa. Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, yenye vyumba vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, na nyuma yake ua wenye jiko, kisima na stoo ya asali. Hamisi alikuwa akinunua asali na nta kutoka kwa warinaji wa misituni na kuziuza mjini, kazi iliyoachwa na baba yake. Madebe yalipangwa stoo hadi darini, na harufu ya nta iliingia kwenye mito, kwenye nywele, hata kwenye maji ya kunywa. Mimi nilikuwa mnene. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu siku zile unene wangu ulikuwa mali ya nyumba nzima. Siku nilipoingizwa harusini, mashangazi wa Hamisi walinizunguka wakinipapasa mikono na kusema, "Huyu kalelewa, huyu kala kwao." Bi Nyamizi alipenda kunituma dukani ili watu wanione. Ni balozi wa nyumba kumi peke yake aliyenitania kwa lugha mpya ya redioni. Kila akinikuta barazani alisema, "Zena, siasa imefika, mnyonyaji wa kwanza kukamatwa ni wewe." Nami nilimjibu, "Njoo unikamate kama utaweza kuninyanyua." Hamisi alicheka mpaka akashika mlango.

Tumbo lilikuwa likiniuma tangu kabla sijaolewa, chini kidogo ya kifua, maumivu yaliyotulia nikila na kurudi nikikaa na njaa. Kwa hiyo nilikula. Asubuhi moja nikiwa jikoni nikipepeta karanga nilitapika damu nyeusi, tele, nikaanguka juu ya ungo. Hamisi hakuwepo. Alikuwa ameondoka siku iliyotangulia kufuata asali upande wa kusini. Walionibeba hospitali walikuwa Bi Nyamizi na wifi yangu Mwanne, dada yake Hamisi, pamoja na majirani waliosukuma mkokoteni. Nilipasuliwa siku hiyohiyo. Kilichosemwa mlangoni baada ya hapo sikukisikia, nilikuwa kwenye dawa ya usingizi, lakini Mwanne alinisimulia mara nyingi, na kila mara alisimulia vilevile. Mganga msaidizi alitoka akiwa bado na kofia ya kitambaa kichwani, akawaambia, "Mungu mkubwa, mgonjwa wenu yu hai. Ila tumbo tumeliondoa, zaidi ya nusu. Lilikuwa limeharibika." Bi Nyamizi aliketi chini pale pale ukumbini. Mwanne, aliyesoma hadi darasa la nane, akamwuliza mganga kama ni mfuko wa chakula, naye akajibu ndiyo, mfuko, akarudi ndani kwa haraka. Mwanne akamgeukia mama yake. "Umesikia, mama? Si tumbo lile, ni mfuko."

"Mfuko gani?"

"Mfuko wa ndani, mama."

"Mtoto anakaa wapi, si kwenye mfuko?" akasema Bi Nyamizi. "Basi ni hilohilo."

Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote na bado sioni wa kumlaumu. Mganga alisema kweli. Mwanne alisema kweli. Bi Nyamizi naye alisikia sawasawa. Lugha yetu ndiyo iliyotia vitu viwili ndani ya neno moja, chakula na mtoto, na tulipojaribu kuvitenganisha kwa neno jingine tukakuta nalo limevibeba vyote viwili.

Wodini nilikaa wiki kadhaa. Siku za kwanza nilikuwa na mpira uliopita puani, na maji niliyopewa yalipimwa kwa kijiko. Mwanamke wa kitanda cha pili, Msukuma wa Igunga aliyevunjika nyonga, alikuwa akinitazama nikimeza na kumeza mate yake mwenyewe. "Wanakunywesha kama kifaranga," alisema. Siku walipotoa mpira nilipewa uji mwembamba, vijiko vinne, nikashiba mpaka machozi yakanitoka. Sikulia kwa maumivu. Ni ile hali ya kushiba kabla sijaanza kula, mwili kunifungia mlango nikiwa bado nimesimama nje na njaa yangu. Muuguzi wa zamu alinifundisha maisha yangu mapya akinikunjia vidole: kula mara sita kwa siku, kila mara kidogo, kutafuna mpaka chakula kiwe maji, kutokunywa maji pamoja na chakula, na kuacha vitu vitamu. Bi Nyamizi alikuwepo siku hiyo, ameshika bakuli la supu ya kuku lililofungwa kitambaa. Alikuwa akija kila siku kwa miguu, juani, na hakuna siku aliyokuja mikono mitupu. Alimsikiliza muuguzi kwa adabu, na muuguzi alipoondoka akaniambia, "Mwanangu, huyu msichana hajazaa. Hajui mgonjwa anavyolishwa."

Nilirudi nyumbani nikiwa naweza kutembea nimejiinamia, kiganja juu ya mshono. Hamisi alikuwa ameshafika, akanipokea mlangoni na kunishika mikono yote miwili kama mtu anayenisaidia kuvuka maji. Kwetu wanawake wa nyumba nzima tulikula kwenye sinia moja uani, Bi Nyamizi, Mwanne, wapangaji wawili na mimi, na jirani aliyepita wakati huo alivutiwa kibao. Sasa nilikuwa na kibakuli changu pembeni. Nilikula ugali mdogo kama yai, na mlenda, nikitafuna wakati wao wamemaliza na wanalamba vidole. Baada ya muda mfupi nilikula tena, matobolwa mawili ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, au maziwa ya mgando. Wapangaji walitazamana. "Hatujui tuseme mgonjwa anakula au hali," mmoja alisema. "Hali nasi, lakini kutwa mdomo unatembea." Kula peke yako katika nyumba ya watu ni tusi kubwa kuliko kutokula. Mimi niliyekuwa nikiufikisha mkono katikati ya sinia kabla ya wote nilijificha nyuma ya mlango wa chumba na kibakuli changu, nikitafuna kimyakimya kama mwizi.

Lililomwumiza zaidi Bi Nyamizi ni asali. Katika nyumba ile asali ilikuwa dawa ya kila kitu, ya kikohozi, ya mzazi, ya mfiwa. Siku moja alikoroga uji wa ulezi kwa asali nyepesi ya msimu, ile wanayoisifu warinaji, akaketi kitandani kwangu na kunilisha kwa mkono wake, akiniita mwanangu kwa kila kijiko. Sikuweza kukataa mkono ule. Haikuchukua muda moyo ukaanza kunidunda, jasho likanitoka kichwani mpaka miguuni, chumba kikazunguka, nikateleza hadi sakafuni. Alipiga kelele mtaa ukajaa. Nilipopata nafuu nilimwona amesimama mlangoni na bakuli mkononi, uso umemparama. Tangu siku ile hakunilisha tena. Aliniwekea chakula nje ya mlango na kugonga. Asali imenikataa, aliwaambia watu, na katika ukoo wa watu wa asali maneno hayo si mepesi.

Mwili uliondoka kwa mwendo ambao hata mimi uliniogopesha. Bangili zilianza kuvuka kiwiko, kisha zikawa zinaanguka zenyewe nikichota maji. Gauni la harusi lilinizunguka mara mbili. Nilipotoka mara ya kwanza kwenda sokoni, mwanamke aliyecheza ngoma harusini kwangu alinipita, akarudi nyuma, akanishika bega. "Zena? Ni wewe? Umekwisha!" Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na huruma yake ilinifuata hadi nyumbani. Hata balozi aliacha utani. Siku za kwenda shamba la ujamaa aliniandikia ruhusa ya kubaki, akajaribu kusema, "Mnyonyaji wetu kanyonywa," kisha akaona sikucheka, akatazama viatu vyake.

Na damu ya mwezi ilikatika. Katika ua wa wanawake hakuna siri ya namna hiyo. Kila mmoja anajua vitambaa vya nani vimeanikwa nyuma ya choo na vya nani havijaanikwa. Mwezi wa kwanza Mwanne alinikonyeza: "Wifi, au ndiyo mambo?" Nilikuwa natapika, nakula kidogo kidogo, nachukia vitamu. Kwa siku chache nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Hamisi aliniletea ukwaju bila kuombwa. Halafu ukapita mwezi mwingine na mwingine, na tumbo langu likazidi kuingia ndani badala ya kutoka nje, mpaka mifupa ya nyonga ikaonekana juu ya kanga. Ndipo lile neno la mlangoni hospitali lilipoinuka na kusimama. Kumbe hivyo, walisema. Tuliambiwa siku ileile, sisi ndio tuliojidanganya.

Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule: na mimi niliogopa. Nilikuwa nimelala, sikuona walichokata. Nilikwenda hospitali kwenye siku yangu ya kurudi, nikaketi mbele ya daktari, Mzungu mzee mwenye mikono myekundu, na mganga msaidizi akatafsiri. Nilieleza kula, nikaeleza jasho, kisha nikauliza kwa Kiswahili kisicho na mfuko wala tumbo ndani yake: "Nitazaa?" Walisemezana. Daktari alinitazama mikono, akaizungushia vidole vyake viwili na vidole vikapitana. Akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake kifupi, "Kula kwanza." Leo najua alikuwa amenijibu sawasawa: mwili wenye njaa hufunga mambo mengine na kuyafungua baadaye ukishiba. Lakini nilipofika nyumbani Hamisi aliniuliza, "Kasemaje?" nikamwambia, "Kasema nile kwanza," nikaona macho yake yakishuka. Ilikuwa kama jibu la mtu anayekwepa.

Baada ya hapo nilisikia maneno ambayo sikutakiwa kusikia. Chumba chetu kiligawana ukuta na stoo, na alasiri moja walikuwa mle wakichuja asali, Hamisi na mama yake. Sauti zilipita juu, pale ukuta usipofika kwenye bati.

"Ni tumbo la chakula, mama. Nimekwambia."

"Umeliona?"

"Nimeambiwa."

"Na mimi nimeambiwa. Niliambiwa mimi wa kwanza, wewe hukuwepo." Nilisikia debe likiburutwa. "Mimi simchukii Zena. Nimemwosha mgonjwa yule kwa mikono yangu. Lakini una dada, huna kaka. Baba yako kaacha nyumba hii na jina. Nikifa leo nimwambie nini?"

"Wapo wanaooa wa pili."

"Kwa asali gani? Biashara inakwenda kwenye ushirika, wewe mwenyewe unalalamika. Wa pili utamlisha nini?"

Tone la asali lilidondoka kwenye debe tupu. Nilingoja aseme neno jingine. Nilijua alikuwa ananiamini. Hilo ndilo gumu la kueleza kwa watoto wangu: Hamisi aliniamini chumbani, akaacha kuniamini akivuka kizingiti. Angefanyaje, aliniuliza siku aliyokuja kuniambia kwamba ataniacha, apite mlango kwa mlango Gongoni nzima akiwaambia watu mkewe kakatwa tumbo lipi?

Alinipa talaka moja, mchana, mbele ya mashahidi wawili na Mwalimu wa chuo cha mtaani, mzee aliyewasomesha Kurani wote waliokuwepo pale. Alisema kwa sauti isiyosikika vizuri na Mwalimu akamtaka arudie. Kwa sheria nilipaswa kukaa eda mlemle nyumbani kwake, katika chumba changu, akinilisha. Somo wangu, Bi Mgeni, aliyenifunda kabla ya ndoa, alikuja kukaa nami. Alikuwa mshona kofia, mfupi, mwenye sauti kubwa. "Usilie," aliniambia. "Talaka moja ni mlango uliorudishwa tu, haujatiwa komeo. Wakati wowote wa eda akisema nimekurejea, wewe ni mkewe, bila mahari, bila karamu." Kisha likazuka swali la kuhesabu. Mwalimu aliuliza ukumbini, wanawake tukiwa nyuma ya pazia, "Mwenye eda anaona siku zake? Anayeona anahesabu twahara tatu, vipindi safi baina ya damu na damu. Asiyeona, miezi mitatu." Bi Nyamizi akajibu kabla Bi Mgeni hajafungua mdomo: "Huyo miezi, Mwalimu. Huyo hana cha kuona." Nilisikia wanaume wakikohoa.

Basi nikahesabiwa kama kikongwe. Lakini nilikuwa nakula. Bi Mgeni alinilisha mara sita kama muuguzi alivyosema, na alikuwa mkali. Aliniponda karanga, akanichemshia mayai na uyoga, akakaa kunitazama nikitafuna huku akishona. "Tafuna. Hujatafuna. Nakusikia unameza." Maziwa yalikaa. Ugali ulikaa. Uso wangu ulianza kurudi kwenye kioo, taratibu, kama mtu anayekuja kutoka mbali. Na asubuhi moja, miezi ikiwa inakaribia kwisha, nilikwenda chooni nikaona damu.

Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka Bi Mgeni akaja kugonga. Nilipomwambia alijifunga buibui kinyumenyume na kwenda mbio kwa Mwalimu. Alirudi na hukumu, iliyotolewa Hamisi naye akiwepo: hesabu ya miezi imevunjika. Sasa nahesabiwa kwa damu. Hii ni ya kwanza, itakuja ya pili, na nikiiona ya tatu tu, palepale, eda imekwisha. Kwa hiyo Hamisi alikuwa ameongezewa muda, na mimi nilikuwa na ushahidi. Vitambaa vyangu Bi Mgeni alivianika katikati ya ua, si nyuma ya choo. Bi Nyamizi alitoka jikoni akavitazama kwa muda mrefu, akarudi ndani. Jioni Mwanne akaniletea jibu lake kwa aibu: "Mama anasema mshono huo. Kidonda cha ndani kinavuja. Anasema tungoje tuone."

Wakangoja. Hamisi alianza kuja kila alasiri na kukaa kwenye kibao nje ya mlango wangu, mgongo ukutani, nami ndani, pazia katikati yetu. Tulizungumza mambo madogo. Bei ya nta imeshuka. Paka kazaa stoo. "Umekula?" "Nimekula." "Ngapi leo?" "Ya nne." Niliona kivuli cha mguu wake kikitikisika chini ya pazia, na kila mara alipovuta pumzi nilidhani analisema. Lilikuwa neno moja tu, nimekurejea. Damu ya pili ilipokuja, kwa wakati wake, Bi Nyamizi mwenyewe aliniletea maji ya moto ya kuoga mpaka mlangoni, akasimama. "Zena mwanangu," alisema, akayaweka maji chini na kurudi jikoni. Kesho yake nilimsikia Hamisi akimwambia dada yake uani, kwa furaha aliyoshindwa kuificha, "Ikija ya tatu hakuna tena wa kusema kidonda. Nitamrejea mbele ya mtaa mzima."

Bi Mgeni alimsikia naye. Akaacha sindano. "Huyu mtoto anadhani anazo siku mpaka damu ya tatu ikatike uoge," aliniambia. "Nimwambie?" Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo. Kisha nikafikiri: Hamisi alikuwepo Mwalimu alipotoa hukumu, chuo kipo hatua chache kutoka stoo yake, na kati yetu hakuna kilichomzuia isipokuwa pazia la kaniki. Nikamwambia Bi Mgeni amwache.

Ya tatu ilikuja asubuhi, nikichambua michembe ya viazi vikavu uani. Nilimwambia Bi Mgeni kwa sikio, naye akafunga macho na kusema, "Innalillahi." Mwanne alikuwa karibu. Aliona tulivyotazamana, akaelewa nusu, akakimbilia jikoni, na kabla sijainuka Bi Nyamizi alitoka na mwiko mkononi akapiga vigelegele. Alipiga kwa nguvu ya miezi yote ile, kichwa nyuma, machozi yakimtiririka, na majirani nao wakaitikia kutoka nyumba za pili bila kujua wanaitikia nini. Tumbo lilikuwepo. Kila mtu Gongoni sasa alijua.

"Nyamizi, nyamaza!" Bi Mgeni alimwambia. "Unampigia vigelegele nani?"

Hamisi aliingia mbio kutoka stoo, mikono imejaa asali mpaka kwenye viwiko. Alinitazama waziwazi kwa mara ya kwanza tangu siku ya talaka. "Nimekurejea," alisema. "Zena, nimekurejea. Mama shahidi, Mwanne shahidi, nyote mashahidi."

"Umerejea nini?" akasema Bi Mgeni, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Imetoka mkononi mwako, baba. Eda imekwisha sasa hivi."

Mwalimu aliitwa, naye alithibitisha. Alikuwa na huruma. Alieleza kwamba hakuna kilichoharamishwa, ndoa mpya inaweza kufungwa hata siku hiyo, kwa mahari ndogo, mwanamke akikubali. Wote wakanigeukia. Nilimpenda Hamisi saa ile kuliko siku aliyonioa, amesimama pale na nzi wameanza kumzunguka mikono, na nilisema hapana. Bi Nyamizi aliniomba, alinishika miguu, nikamwinua. Sikuwa na hasira naye. Niliona tu maisha yangu yatakavyokuwa katika ua ule, mwezi hadi mwezi, na yeye kila mwezi akingoja aonyeshwe.

Alasiri, kaka yangu, aliyeitwa kuja kunichukua, alipokuwa anatafuta gari la kunirudisha kwetu, Hamisi alikuja kwenye kibao chake. Sasa nilikuwa si mkewe, na pazia lilikuwa sheria.

"Kwa nini hukuniambia kwamba inakuja?"

"Nilikuwa nakungoja uje kabla yake."

Nilisikia akisugua viganja.

"Nilitaka niwe na hakika," alisema.

"Sasa unayo," nikamwambia, nikaendelea kukunja nguo.